Mwanangu, kiungo wetu hajaisha

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunaendelea. Mvua haijaachia na viazi vimeanza kuoza ardhini kule Uyole, lakini mama yako hajambo na ule mgongo umetulia. Anasema umpigie shangazi yako, analalamika umemsusa.

Sasa lile swali lako. Uliponiuliza Jumapili nilikuwa ndani ya daladala pale Kabwe, konda anagonga bati, nikakukatisha. Ulisema namba sita wetu, yule kiungo mkabaji, ambaye msimu uliopita jukwaa zima lilikuwa likimwimba, leo anazomewa hata kabla hajagusa mpira. Wenzako wa huko Dodoma, wana Mbeya mnaokutana kuangalia mechi, wamegawanyika: wengine wanasema kashuka kiwango tu, wengine wanasema ameisha, auzwe. Wewe umeanza kuwaunga mkono wanaotaka akae benchi na moyo unakusuta. Ukamalizia, "Baba, wewe ndiye unayekwenda uwanjani Sokoine, sisi tunaona kwenye runinga tu. Ameisha?"

Hajaisha. Na hapo kwenye runinga umejijibu nusu.

Runinga inafuata mpira. Sina ugomvi nayo, ndiyo kazi yake, lakini kazi ya namba sita sehemu kubwa inafanyika mahali ambapo mpira haupo. Kiungo anakimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, na katika hizo dakika 90 mpira unakuwa miguuni mwake dakika chache mno. Ninyi mnamwona kwenye hizo chache. Mnaona pasi imepotea, mnaona kachelewa kumfikia mtu, mnaona kadi ya njano. Alikotoka hamkuoni. Mimi mechi hizi za karibuni nimeamua kutoutazama mpira, namtazama yeye tu, hata jirani yangu wa jukwaani ameanza kuniuliza kama macho yangu ni mazima.

Msimu uliopita alikuwa na mwenzake, yule namba nane mfupi, kiungo wa mbele yake, aliyechukuliwa na timu ya Dar dirisha dogo la usajili. Sisi tulimpenda kwa mashuti yake. Kumbe kubwa alilokuwa akifanya ni jingine: mpira ukipotea, yeye ndiye wa kwanza kumrukia mpinzani. Hata asipoupata, anamchelewesha sekunde mbili tatu, anamlazimisha ageuke, atafute mtu wa kumpa. Sekunde hizo ndizo zilizomfanya namba sita wetu aonekane ana akili kuliko uwanja mzima. Mpira ulimfikia ukiwa umeshapoa. Anafika, anaupora, anatoa pasi ya mita tano kwa huyo huyo mfupi, makofi.

Sasa mbele yake kawekwa kijana anayependa kushambulia. Fundi, sikatai, lakini mpira ukipotea yeye anashika kiuno. Na mabeki wa pembeni wote wawili kocha kawaruhusu wapande. Mpinzani anaupata mpira katikati, mbele yake uwanja mtupu, na wa kuuziba upana wote ule ni mtu mmoja. Akienda kushoto, kulia kuko wazi. Akisubiri, mnasema mzito. Akiingia kwa nguvu anamkosa, na kadi juu yake. Miguu ni ile ile ya mwaka jana, kilichoongezeka ni eneo la kukaba.

Najua vijiweni Mwanjelwa hawasemi hivyo. Kule wana sababu zao. Wa kwanza anasema ni starehe, na kila mmoja kamwona baa kwa macho yake. Ukikusanya mashahidi wote utakuta usiku mmoja alikuwa Mafiati, Uyole na Tunduma kwa wakati mmoja. Wa pili anasema kafungwa miguu kwa mganga. Wa tatu anasema umri wa leseni na umri anaoujua mama yake haujawahi kukutana. Huyu wa tatu angalau ananichekesha. Wapo pia wanaotaja mishahara, na hao siwapuuzi, maana mpira wetu una wachezaji wengi wanaoingia uwanjani wakiwaza kodi ya nyumba. Lakini mshahara ukichelewa unachelewa kwa timu nzima, na wengine mbona hawazomewi?

Nadhani tatizo jingine ni sisi wenyewe tulivyolelewa. Watu wa nyanda hizi tumezoeshwa miujiza. Tukuyu Stars ilipanda daraja ikatwaa ubingwa hapo hapo, mwaka 1986. Mbeya City ikaja msimu wa 2013/14, mgeni kabisa kwenye Ligi Kuu, chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu, juu ya Simba. Mtu aliyeyaona hayo mawili hawezi kukuelewa ukimwambia mchezaji anahitaji miezi sita ya kuzoeana na wenzake wapya.

Kaka yako, ambaye unajua Manchester United kwake ni dini, ndiye aliyenikumbusha habari ya Casemiro, kiungo mkabaji wao kutoka Brazil. Mei 2024 walifungwa 4-0 na Crystal Palace, naye siku hiyo alichezeshwa beki wa kati kwa sababu mabeki wenyewe walikuwa majeruhi. Jamie Carragher, beki wa zamani wa Liverpool, akasema kwenye runinga kwamba huyu aachane na mpira wa kiwango cha juu. Septemba mwaka huo Liverpool wakaenda Old Trafford, Casemiro akapoteza mipira iliyozaa mabao mawili ya Luis Díaz, mapumziko akatolewa. Kaka yako anasema banda umiza pale Soweto, hapa hapa Mbeya, watu walicheka mpaka wakagonga mabenchi. Haya. Mei 2025 mtu huyo huyo waliyekwisha kumzika alianza kwenye fainali ya Europa League kule Bilbao, na mwezi huo huo Carlo Ancelotti, aliyekuwa ndio kwanza amekabidhiwa timu ya taifa ya Brazil, akamwita kwenye kikosi chake cha kwanza. Alikuwa na miaka 33. Hakuna mtu wa miaka 33 anayeongezeka mbio. Alirudishwa kwenye namba yake, akapangiwa watu wa kumpunguzia eneo.

Sitakudanganya kwamba kila anayeshuka hupanda. Kaká, kiungo mshambuliaji wa Brazil, alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, mwaka 2007, akaenda Real Madrid 2009, akapasuliwa goti 2010 baada ya Kombe la Dunia, na zile mbio zake za kukata uwanja katikati hatukuziona tena kama zamani. Huyo hata umpangie malaika pembeni, goti ni goti.

Utajuaje basi wetu ni yupi kati ya hao wawili? Mimi nilicheza namba hiyo kwenye timu ya karakana kule Iyunga, bila kamera wala mshahara, na najua jambo moja ambalo kiungo aliyekata tamaa hulifanya akidhani watu hawamwoni. Anajificha. Beki wake ana mpira anatafuta wa kumpa, naye anasogea taratibu nyuma ya mshambuliaji wa timu pinzani, mahali ambapo pasi haiwezi kumfikia. Mikono anapunga kana kwamba anauomba, miguu imekataa. Mchezaji wa namna hiyo hapotezi mpira hata mmoja, ukisoma takwimu utamsifu, na ndiye aliyeisha. Wetu bado anatoka. Mechi iliyopita alizomewa tangu dakika ya kumi na akaendelea kutoka upande uliokuwa wazi kuomba mpira, akaupoteza, akauomba tena. Mtu anayeomba mpira mbele ya watu wanaomtukania mama yake, mimi simwiti ameisha.

Ila kuna kitu kimenitia wasiwasi, na hiki runinga haitakuonyesha kamwe. Shingo. Kiungo mzuri hutazama nyuma na pembeni kabla mpira haujamfikia, tena na tena. Xavi wa Barcelona alisifika kwa hilo, na Lampard wa Chelsea pia. Namba sita wetu mwaka jana alikuwa hivyo, kichwa hakitulii, ukidhani anatafuta mtu aliyemkopa hela. Siku hizi anaukodolea macho mpira mpaka umfikie. Ukifika, hajui nani yuko nyuma yake, basi anaurudisha kwa beki au kwa kipa. Jukwaa linapiga mayowe, "Mbele! Mbele!" Pasi inayofuata anaipeleka mbele bila kutazama, inakamatwa, wanaanza kumzomea upya. Eneo kubwa lilimwanza, lakini shingo hii imekazwa na sisi. Kuna jamaa nyuma yangu anadai kuzomea kunamkomaza. Namtazama mchezaji, namtazama yeye, naona anayekomaa ni koo lake.

Sisemi watu wasinune. Wamekata tiketi, wamelowa, wameacha biashara sokoni. Wana haki ya kununa, hata kumpigia kelele kocha. Mtu kumzomea kabla hajagusa mpira, hapo ndipo ninapokataa, kwa kuwa wakati huo hujaona kosa lolote bado.

Na la benchi. Hapo nakubaliana nawe, wala huna usaliti wowote. Hata huyo Casemiro kocha wake mpya wa wakati ule, Ruben Amorim, alimweka benchi kwanza, akarudi akiwa mtu mwingine. Lakini mimi ningelifanya kinyume na mnavyotaka huko Dodoma. Ninyi mnasema asichezeshwe ugenini maana kule ni kugumu. Mimi ningempumzisha mechi za nyumbani na kumchezesha za ugenini. Ugenini timu yetu inajibana nyuma, mabeki wa pembeni hawapandi, eneo lake linarudi kuwa dogo kama alivyolizoea. Na mashabiki wa Bukoba au Tanga hawana habari naye, watazomea kila mtu sawasawa. Kweli kuna uchovu wa safari, kwenda Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 800 za basi, unatoka kwenye baridi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari unashukia jotoni. Kwa kijana wa kushambulia hilo lingenitisha. Kwa namba sita aliyekaa nyuma na wenzake wamembana kushoto na kulia, afadhali joto la Dar kuliko mdomo wa jamaa aliye nyuma yangu.

Halafu atakaporudi Sokoine, awekewe mtu pembeni. Tunaye yule kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana, hana madoido lakini anakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Kocha anamwingiza dakika za mwisho tukiwa tunaongoza, maana yake anajua anakaba. Amwanzishe. Yule fundi asogezwe pembeni au asubiri. Mashabiki watanuna kwa sababu fundi anapiga chenga nzuri, acha wanune wiki mbili.

Kuhusu ujumbe ambao kikundi chenu kinataka kuupeleka kwa viongozi, ulioniuliza kama uweke jina lako: ukibaki kama ulivyonisomea, "tunataka namba sita aondoke," usiweke. Wabadilishe waombe namba nane mkabaji, na waeleze kwa nini, waziandike zile sekunde mbili tatu nilizokwambia. Kiongozi wa timu akisoma "aondoke" anaona hasira za kawaida, anatupa. Akisoma kwamba kuna watu Dodoma wameona tangu dirisha dogo hakuna anayeziba pale mbele, atashtuka kidogo, huenda akamwonyesha kocha. Wakikutukana kwenye kikundi kwamba mwanamke anajua nini kuhusu namba sita, usijibizane nao. Waulize swali moja: mechi iliyopita, bao la pili lilipoanzia, namba nane alikuwa wapi? Wakilijibu sawasawa, nipigie, nami nitawanunulia soda wote siku wakija Mbeya. Nina hakika hela yangu iko salama.

Mama yako anauliza kama ule mchele wa Kyela umeisha. Kama umeisha sema mapema, kuna dereva wa lori tunayemfahamu anapita Dodoma Alhamisi.

Baba yako