Uzi na Sindano: Kasha la Mama Limejaa Kanga, Tuzikate?

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Mwezi huu barua nyingi zimekuja za nguo za zamani na charahani za zamani, nadhani kusi lishaanza kuvuma na watu wanafungua makasha kutafuta cha kujifunika alfajiri. Nimechagua nne. Ya mwanzo nimeijibu kwa urefu, mtanistahamilia.

*

Bi Mshoni shikamoo. Mama yetu katutoka mwaka jana, Mungu amrehemu, kaacha kasha zima la kanga, nyengine doti haijakatwa hata siku moja na nyengine zimechakaa. Tuko ndugu wanne, wanawake watatu na mwanamme mmoja. Mama alikuwa akitushonea kila kitu nyumbani, nguo za sikukuu, sare za skuli, mpaka mifarishi ya viraka ya kitandani alikuwa akishona ukishamalizika msimu wa karafuu. Charahani yake nimerithi mie na nataka nimshonee kila mmoja wetu mfarishi kwa kanga zake, ila dada yetu mkubwa anasema ukizitia mkasi kanga za mama ni kama umemkata mwenyewe. Nifanyeje? Na kanga inafaa kweli kwa mfarishi au itachanika? – Msomaji, Wete

Marahaba mwanangu, na poleni nyote, Mungu amlaze mama pema.

Nianze na lisilohusu sindano. Nguo za marehemu ni mali ya warithi kama lilivyo shamba na kama ilivyo nyumba, hata hiyo charahani usiseme "nimerithi mie" mpaka wenzio waseme kwa midomo yao kwamba wameridhia. Kwa hivyo kaeni wote wanne, litoeni kasha nje, tandikeni jamvi, kila kanga ikunjuliwe. Siku hiyo mtalia na mtacheka, mana kila kanga ina kisa chake, hii alinunua arusi ya fulani, hii alivaa kumjibu wifi yake bila ya kufungua mdomo. Kisha dada mkubwa achague mwanzo doti anazotaka zibaki nzima, na hizo usiziguse wala usizizungumzie tena.

Mie nilikuwa kama yeye. Nliweka doti moja ya marehemu mama yangu, nyeusi na nyekundu, kaitia wanga mwenyewe mpaka ikasimama kama karatasi, nikaikunja mara nne nikaitia sandukuni chini kabisa. Miaka nikawa naipapasa tu. Siku nilipoitoa nimuoneshe mjukuu wangu, imeachana kwenye mikunjo yote, mistari imenyooka utasema kakata mtu kwa wembe, na pale wanga ulipokuwa mwingi mende washakula. Bora mkasi wangu kuliko mende. Kwa hiyo hizo za dada, mwambie azifue wanga utoke wote, azikaushe vizuri, asizikunje bali azizungushe kama mkeka, na kila baada ya miezi miwili mitatu azitoe zipigwe upepo.

Na umwambie hili pia, kanga yenyewe inasemwa ilianzia kwenye kuunga. Wazee wanahadithia kuwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vilivyokuja kwa jora, wanachukua sita, tatu juu tatu chini, wanaviunga wanapata vazi moja, na ndio mana mpaka leo wako watu, Mombasa hasa, kanga wanaiita leso. Hata kule Karnataka, India, wako watu wanaoitwa Siddi ambao wazee wao walitoka Afrika, wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka kwa sari kuukuu, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea kati, na kila pembe wanaweka kitambaa kidogo kilichokunjwa wanakiita phula, yani ua. Kukata nguo ya mama ukaifanya kitu cha kulalia hukuanza wewe.

Haya, sasa kazi. Fua zote kabla ya kukata, hata zile mpya, tena mpya ndio hasa mana kanga isiyofuliwa inarudi, na ukichanganya iliyokwisharudi na ambayo bado, mfarishi ukifuliwa mara ya kwanza utajikunja kama uso wa mtu aliyekula ukwaju. Nyekundu zifue peke yake. Watu wanatia chumvi ati rangi isitoke, mie chumvi sijaona ikizuia kitu, suuza tu mpaka maji yatoke meupe, kisha ikiwa bado mbichi weka kitambaa cheupe juu upige pasi, kikipata rangi rudi ukasuuze.

Halafu inua kila moja juani. Mwanga ukipita kama kwenye chekeche iache, hasa katikati pale inapokaliwa, mana kitambaa kizima kikishonwa na kilichochoka kile kizima kinamchana mwenzake. Ukiipenda sana hiyo iliyochoka iwekee bafta nyuma kwanza.

Kanga moja ina kama mita moja na nusu kwa urefu, na upana mita moja na kidogo. Ukitoa pindo pande zote nne na ukatoa ule ukanda wa jina, mji, yani ile sehemu ya kati, unakupa vipande 15 vya sentimita 22 kwa 22, vitano kwa urefu na vitatu kwa upana. Ukishona kwa kuacha sentimita moja kila upande kipande kinabaki 20. Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja unataka saba kwa kumi, yani vipande 70, kwa hiyo kanga tano zinatosha na vitano vinabaki, usivitupe. Katoni ngumu ya boksi kata kipimo kimoja cha 22 kwa 22 na ukitumie hicho hicho mpaka mwisho, usipimie kipande kwa kipande mana kosa dogo linazaa na ukifika kipande cha 40 umeshapinda.

Chini usiweke viraka. Chini weka doti moja nzima, ile ambayo huyo utakayempa alikuwa akimuona nayo mama sana, kanga zote mbili ziungane kwa ule upande mrefu na majina yote mawili yabaki yanasomeka. Inakuwa kubwa kuliko viraka vya juu, na ndio unavyotaka, mana ile ziada unaikunja kuja juu mara mbili unaipinda, inakuwa ukingo, huna haja ya kununua utepe. Ndani hapana pamba nene, tuko Pemba hatuko Ulaya, shuka kuukuu moja inatosha. Zitandaze zote tatu sakafuni, piga bandi, yani mishono mirefu ya kushikizia tu, kuanzia kati kwenda nje, ukianzia pembeni hewa na makunyanzi yote yatakukutania katikati. Kisha kama charahani yako inalalamika kwa uzito usiilazimishe, chukua sindano ya mkono na uzi mnene, kila pembe ya viraka pitisha mara mbili funga fundo. Kwa vile kila kiraka ni 20 basi mafundo yatakuja kila kama shibiri moja, na hapo ndani hakuendi mahali.

Zile kanda za majina ulizokata zipige pasi uziweke. Nadhani utajua mwenyewe za kufanyia nini, mie nlizishona kwenye foronya.

*

Dada, nna charahani ya Singer ya mguu, ya marehemu bibi. Ilikuwa nzito kidogo nikaitia mafuta ya nazi, ikaenda vizuuuri wiki mbili, sasa imekaza gurudumu halizunguki. Na hata kabla yake ilikuwa ikinikera, uzi unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege na nshakaza skurubu ya bobini mpaka basi. Fundi mmoja kaniambia niiuze chuma chakavu. – Jang'ombe

Kha! Mafuta ya nazi ni ya nywele na ya kukaangia, ndugu yangu. Hebu angalia chupa yako dirishani asubuhi za kipupwe, si unaikuta imeganda nyeupe? Basi na ndani ya chuma ni hivyo hivyo, tena yakikaa yanakuwa gundi na mavumbi yanashika juu yake. Usiiuze. Itoe mkanda, vua vile vibati vya chini na vya pembeni, futa uchafu kwa mswaki wa zamani, kisha kila kitundu cha mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma tia mafuta ya taa matone mawili matatu. Mbali na jiko na mbali na watoto. Iache ilale. Asubuhi zungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, mbele nyuma, usitumie nguvu, litaanza kuachia. Futa yale maji meusi yanayotoka, rudia kama bado, yakiisha ndio utie mafuta ya charahani yenyewe na ushone kwanza kwenye tambara mpaka mafuta yasitoke tena.

Hicho kiota sasa. Kila mtu anakiona chini anadhani ugonjwa uko chini, na kumbe uzi wa juu ndio uliolegea. Unapotia uzi mguu wa kukandamizia kitambaa lazima uwe juu, mana ukiwa chini vile visahani viwili vya kukazia uzi vimefumba, uzi unapita pembeni haushikwi na chochote. Inua mguu, toa uzi wote, tia upya, kisha rudisha hiyo skurubu ya bobini ilipokuwa. Sindano nayo iangalie, ina upande mmoja una mfereji mrefu, mfereji huo ukae upande unaotoka uzi kabla haujaingia tunduni, na isukume juu mpaka igote. Kwa kanga weka namba 14, ukishona unene wa mfarishi weka 16.

Na ukiona namba ya charahani yako, ile iliyopigwa kwenye chuma, inaanza na herufi E, basi uwezekano mkubwa imetoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Imekuzidi umri na itakuzidi tena. Mwambie huyo fundi akauze yake.

*

Bi mkubwa mie mama wa watoto watatu wa kike, miaka 4, 7 na 10. Nawashonea sikukuu mwenyewe nyumbani mana za dukani bei hazishikiki. Tatizo nikishona mapema sikukuu ikifika magauni mafupi, na nikishona makubwa wanaonekana wamevaa za mama yao. – Mkoani

Mabega na kifua shona sawa na mtoto alivyo leo. Gauni likikaa vizuri mabegani hakuna atakayesema kubwa hata likifika chini. Urefu ndio uuongeze, kwa ndani, acha pindo la sentimita 8 hadi 10 ulipige bandi tu kwa mkono, usilitie charahani mpaka wiki ya mwisho ya Ramadhani. Na kwa chini ya kiuno, upande wa ndani, kunja mkunjo mmoja wa sentimita tatu hivi, mwakani unaufumua tu. Ukifumua pindo litabaki lile alama la zamani, halitoki hata kwa pasi, juu yake unapitisha laisi na watu watasema mashaallah umempamba.

Na kitambaa fua kwanza jamani, nasema kila mwezi. Mwaka mmoja nlishona doria bila kufua, gauni tatu, nikazifua mkesha wa sikukuu zipate kunukia, asubuhi mdogo kavaa la kati hajafika nalo magotini na mkubwa kalia mpaka watu wa swala wamerudi.

Nunua kitambaa kimoja kwa wote watatu. Mama yetu alikuwa anashuka Mchangani ananunua jora moja tu, wasichana magauni, wavulana mashati, kilichobaki foronya. Tulikuwa tunaona haya, ati tumekaa kama timu ya mpira. Lakini jioni Mnazi Mmoja kwenye ule umati wote wa sikukuu, bembea huku, barafu kule, yeye alikuwa amekaa pembeni kwenye majani anahesabu maua ya manjano tu, moja mbili tatu nne tano. Hakupotea hata mmoja. Basi na nyie mkienda Tibirinzi jaribuni.

*

Assalaam alaykum. Mie mwanamme, miaka 29, nimeachiwa charahani na mama na nimeanza kuwashonea wanangu kanzu za chuoni. Mke wangu anafurahi ila barazani wananicheka. Nifanyeje, na kofia ya viua naweza kushona mwenyewe? – Makunduchi

Waulize hao wa barazani kanzu walizovaa kashona nani. Nenda madukani kote mjini, walokaa nyuma ya charahani wengi ni wanaume.

Kofia ya viua ni kazi ya mkono si ya charahani, tundu moja moja linazungushiwa uzi, na mwenye kuijua inamchukua wiki nyingi, miezi hata. Kwenu huko hukosi bibi anayeshona. Mpime mtoto kichwa kwa utepe juu kidogo ya masikio, uongeze sentimita moja, umpelekee kitambaa cheupe kilichofuliwa na robo ya sukari, ukae chini umtazame. Usiende saa ya adhuhuri, atakuwa kalala.