Taa ya kebo inawaka lakini ukurasa wa redio haufunguki

Mkuu uliyeuliza kutoka Uyole, unasema umechomeka kebo ya NanoStation M (redio ya kurusha intaneti kwa mbali bila waya) kwenye laptopu, taa inawaka, ila ukiandika 192.168.1.20, anwani yake ya kiwandani, kwenye kivinjari, ukurasa unazunguka tu. Usikimbilie kununua nyingine. Taa inathibitisha waya peke yake. Ili vifaa viongee, anwani zao lazima ziwe mtaa mmoja.

Redio mpya haigawi anwani. Windows ikisubiri na kukosa, hujipachika inayoanza na 169.254. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig uhakikishe.

Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika ncpa.cpl. Bofya kulia kadi ya kebo, ingia Properties, kisha IPv4 (mahali pa kuweka anwani). Weka 192.168.1.25, maski 255.255.255.0, getiwei iache wazi. Usijipe .20, maana hiyo ni ya redio na mtagongana.

Halafu zima Waifai! Hapa ndipo wengi wanapoteza siku nzima. Ruta nyingi hugawa 192.168.1 vilevile, kwa hiyo laptopu inaweza kuitafuta redio upande wa Waifai wakati iko kwenye kebo.

Sasa rudi Command Prompt, andika ping 192.168.1.20 (amri ya kuiita redio uone kama inaitika) na usome jibu taratibu. Ukiona "Reply from 192.168.1.25: Destination host unreachable", usishangilie hiyo "Reply". Tazama namba: .25 ni wewe mwenyewe. Laptopu inakuambia imeita na hakuna aliyeitika. Kagua adapta ya umeme: tundu la POE (linalopeleka umeme ndani ya kebo) liende kwenye redio, LAN (la data tu) liende kwenye laptopu. Ukizigeuza, volti 24 zinaelekea kwenye laptopu na zinaweza kuunguza tundu lake.

Ping ikijibu kutoka .20 lakini ukurasa ukagoma, anza na https:// na ukubali onyo la cheti. Jina na nywila za kiwandani ni ubnt. Kama redio ni ya mtumba, huenda mwenyewe wa awali alibadili anwani; ikiwa na umeme, shikilia kitufe cha riseti zaidi ya sekunde 10 irudi kwenye .20.

Ile redio ya pili, ya kufunga Igawilo, nayo imetoka kiwandani na .20, hivyo zisanidi moja moja. Ipe .21 ukiwa bado mezani, uandike namba kwa maka mgongoni mwake, ndipo upande mlingoti. Ukimaliza, rudisha IPv4 ijitafutie anwani yenyewe, la sivyo kesho kebo ya ofisini haitakupa intaneti.