Jibu: Ogier aliwezaje kutwaa ubingwa wa 2025 bila kushiriki mbio zote?

Ndugu, swali lako kuhusu Sébastien Ogier, dereva Mfaransa wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally (WRC), ni zuri, maana mwaka ule aliendesha mbio 11 tu kati ya 14. Siri kubwa ni mpangilio wa kuanza. Kwenye barabara za changarawe, siku ya kwanza anayeongoza msimamo wa ubingwa ndiye anayetangulia. Tairi zake zinafagia kokoto zilizolegea, gari linateleza kwenye kona, na kila anayefuata anapata njia safi zaidi. Ukiruka mbio kadhaa unakuwa chini kwenye msimamo, kwa hiyo unaanza nyuma. Siku zinazofuata mpangilio unageuzwa: wa kwanza kwenye mbio anaondoka mwishoni.

Halafu kuna pointi. Mshindi hupata 25, mwenye muda bora wa jumla wa Jumapili peke yake hupata 5 za ziada, na mwenye kasi zaidi kwenye hatua ya mwisho (kipande cha mwisho cha njia kinachopimwa muda) hupata 5 nyingine. Ogier alishinda mara sita, akafikisha mataji 9 sawa na Mfaransa mwenzake Sébastien Loeb.

Lakini tusimpunje. Miaka ya 2013 hadi 2016, akiwa na Volkswagen Polo, alifungua njia mara nyingi na bado akabeba mataji manne mfululizo. Na Safari Rally ya 2021 pale Naivasha alipoteza zaidi ya dakika mbili Ijumaa kwa hitilafu ya shokomzoba, akatunza gari, akashinda Jumapili.