Vifaru wa Ziwa wanazaa kweli

Ndugu yangu umeuliza kama vifaru wa Ziwa, ile hifadhi ya vifaru pale Nakasongola, Uganda, wanazaa au ni stori tu. Wanazaa, tena vizuri! Walianza 2005 na wanne kutoka Kenya, 2006 wakaletwa wawili kutoka Marekani, halafu 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, baba wa Kenya mama wa Marekani ndio maana wakamwita Obama, mi nilifurahi sana aisee maana porini Uganda walishaisha tangu miaka ya 80. Ila mimba yao ni kama miezi 16 kwa hiyo inataka subira. Mpango ni kuwarudisha mbugani, hifadhi ya Ajai kule West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inatajwa sana. Nenda ukawaone, unatembea kwa miguu na renja.