Wasomaji Wanauliza: Pankeki Zimegoma Kuumuka

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma na wilaya zake, na yote yanahusu unga wa pankeki uliochanganywa tayari, wa dukani na wa kujitengenezea.

Hamjambo wahariri. Nilifungua mfuko wa kilo 1 wa unga wa pankeki mwezi Septemba. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa ni Juni mwaka ujao, lakini tangu Januari pankeki zinatoka bapa na ngumu. Je, niliuziwa unga mbovu?
*Msomaji, Ipagala*

Hatujambo, dada. Inaelekea unga ulikuwa mzima siku uliponunua. Tarehe ile ni ya mfuko ambao haujafunguliwa. Ukishaufungua, anza hesabu yako mwenyewe: miezi 3 hadi 6 ikiwa chombo kinafunga vizuri, pungufu ya hapo ikiwa mchanganyiko una maziwa ya unga yenye mafuta yake.

Kinachochoka kwanza ni beking pauda, ngano inaweza kuwa bado nzima. Beking pauda ni magadi soda na asidi kavu vilivyowekwa pamoja, na wanga kidogo wa kunyonya unyevu. Maji yakifika, viwili hivyo vinakutana na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo tunaitaka itoke kwenye bakuli na kikaangoni. Unyevu ukiingia mfukoni, inatoka kidogo kidogo humo kabatini bila mtu kuona, na siku ya kupika hakuna cha kuinua pankeki.

Hali ya hewa ya Dodoma inatulaghai hapa. Kiangazi hewa ni kavu kiasi kwamba hata mfuko uliokunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo unga wake unabaki mwepesi. Mvua zikianza Desemba, mfuko ule ule na kibanio kile kile havitoshi tena. Ongeza mvuke wa sufuria kama kabati liko juu ya jiko, na kijiko kilichotoka kwenye maziwa kikarudishwa kwenye unga. Hicho kijiko kinaharibu unga mwingi kuliko mvua.

Upime kabla ya kuutupa. Weka maji ya moto nusu glasi, tia kijiko kikubwa 1 cha unga, koroga mara moja, kisha tazama. Unga mzima unapandisha vijipovu vingi kwa haraka na juu panatuna. Uliochoka unazama, na juu panabaki vijipovu vitatu vinne vinavyopasuka kivivu.

Kama umechoka lakini haunuki na hauna ukungu wala wadudu, unaokoleka. Kwa kila kikombe cha unga, ongeza kijiko kidogo 1 cha beking pauda mpya, chekecha mara 2, na uupike wote ndani ya siku chache. Usitie hamira, hiyo inataka muda wa kuumua. Wala usikisie magadi soda peke yake: bila kitu kichachu kama mtindi au ndimu, pankeki inapata ladha ya sabuni na madoa ya njano.

Shikamooni. Mimi ni mama lishe. Natengeneza mchanganyiko wangu wa ngano, unga wa uwele, maziwa ya unga na beking pauda, kilo 5 kwa mkupuo. Wiki ya tatu pankeki zinakuwa chungu na wateja wananung'unika. Nakosea wapi?
*Msomaji, Kongwa*

Marahaba, mama. Wazo la uwele ni zuri sana, na tungependa usiliache. Kosa liko kwenye kuusaga mapema mno. Uwele una mafuta mengi kuliko ngano, na mafuta hayo yako kwenye kiini. Punje ikiwa nzima yamefichwa. Ukiisaga, yanakutana na hewa na kimeng'enya cha punje yenyewe kinachoyavunja, na uchungu unaanza. Joto la Oktoba na Novemba linauharakisha. Unga wa ngano mweupe haufanyi hivyo upesi kwa sababu kiini kimeondolewa kinuni. Ngano isiyokobolewa nayo ina tatizo hilo hilo.

Kwa hiyo tenga vitu viwili. Mchanganyiko wa kuweka uwe huu: unga wa ngano mweupe kilo 1, beking pauda vijiko vikubwa 4 vya kufuta juu, sukari gramu 100, chumvi vijiko vidogo 2. Chekecha mara 3 ili beking pauda isikae vifundo. Kifundo kimoja kinatosha kuacha tobo na uchungu katikati ya pankeki. Maziwa ya unga yaondoe humo, tumia maziwa ya maji siku ya kupika. Mchanganyiko huu unakaa miezi 6 kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Uwele uweke ukiwa punje, usage wa wiki moja tu. Ukitaka unga ukae zaidi, tumbukiza punje kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1, chuja, anika juani kwenye turubai safi mpaka punje ikivunjwa kwa jino inalia, ndipo upeleke mashineni. Yale maji ya moto yanakizima kimeng'enya. Siku ya kupika changanya vikombe 2 vya mchanganyiko wa ngano na kikombe 1 cha uwele, ukiongeza kijiko kidogo 1 cha beking pauda kwa sababu uwele hauna ule mnato wa ngano wa kushika gesi.

Jambo la mwisho, mama: usimimine unga mpya juu ya masalia ya zamani. Maliza, osha ndoo, ikauke kabisa, ndipo ujaze.

Nimekuta vidudu vyekundu vya kahawia kwenye unga. Nikichekecha si inatosha? Na majani ya bei (yale ya kiungo, bay leaves) yanasaidia?
*Msomaji, Kondoa*

Ungo unatoa wadudu wakubwa, mayai yanapita. Vidudu hivyo pia vinatoa kemikali inayoupa unga harufu kali na wekundu hafifu. Ukifikia hapo, tupa. Majani ya bei tusingeyategemea.

Kinachofanya kazi ni baridi. Weka unga mpya kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4, ukiwa umefungwa vizuri. Ukiutoa, uache bila kufungua mpaka upate joto la chumba, kwa pakiti ya kilo 1 saa kadhaa. Ukifungua ungali baridi, hewa inageuka matone juu ya unga na umerudi kwenye swali la kwanza. Umeme ukikatika muda mrefu friza ikayeyuka, anza siku upya.

Kuna mdogo zaidi wa kuogopwa: utitiri wa unga, usioonekana kirahisi kwa macho. Sawazisha juu ya unga kwa kisu mpaka uwe laini kama meza, uache robo saa. Ukikuta juu pamechimbika na kuwa na vijilima, unga unatembea. Mtu mwenye mzio wa vumbi la nyumbani au pumu akila pankeki za unga huo anaweza kubanwa kifua au kuvimba uso ndani ya muda mfupi, na moto wa kikaango hauondoi hatari hiyo. Ikitokea, kimbilia hospitali, usisubiri kuona.

Unga umeshikana mabonge. Nivunje nitumie?
*Msomaji, Chamwino*

Bonge likivunjika kwa vidole na halina harufu, pima kwa maji ya moto kama tulivyoeleza juu. Bonge gumu lenye doa la kijani, kijivu au jeusi, au harufu ya udongo uliolowa, ni ukungu: tupa mfuko mzima, usikate sehemu mbaya. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Mahindi ndiyo yaliyohusika, si pankeki, lakini usiwape hata kuku unga huo.