Usipite Dongo Kundu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu za Likoni, Mombasa, zikufikie. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza mara tatu, na mara ya tatu nilifunga mlango ndugu yako asinione. Umesema ukiingia lifti ya kazini moyo unakuenda mbio, mikono inakufa ganzi, unahisi roho inakutoka. Umekwenda hospitali wamekupima moyo, wamekwambia mzima. Siku hizi unapanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa, na matatu ikijaa huipandi. Ukaniuliza: "Mama, niache kazi nirudi nyumbani?" Kisha ukasema kwa sauti ya chini kwamba huenda nisikuelewe, kwa sababu mimi siogopi kitu.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wakumbuka tulipokaa Majengo, ng'ambo kisiwani, kwa mamako mdogo? Ulikuwa na miaka minne. Miaka yote hii nimekwambia tulihamia kule niwe karibu na kazi. Si kweli. Tulihamia kwa sababu nilishindwa kupanda feri.

Ijumaa asubuhi, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa haijafika mbali na gati. Walikufa watu 272, wengi wao wakivuka kwenda kazini kisiwani. Mimi nami nilikuwa nikivuka hapo kila siku kwenda kushona Biashara Street. Usiku ule wewe ulikuwa na homa, nikachelewa kutoka. Mwenzangu niliyezoea kuvuka naye hakuchelewa. Hapo nisamehe, siongezi.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu. Nilijiambia nitaipumzisha feri wiki moja, nikahamia ng'ambo kwa dada yangu. Usiku wa kwanza nililala fofofo, nikaona nimepata dawa. Wiki ikawa mwezi. Kisha hofu ikashuka kutoka ferini ikaanza kunifuata mjini. Nikashindwa na matatu za kuelekea kule. Nikashindwa na Marikiti ikiwa na watu wengi. Harusini nikawa sikai ila karibu na mlango. Mwisho cherehani ikaletwa chumbani, nikawa nashona humo, nala humo, na dada yangu ndiye akikupeleka chuoni kusoma Kurani. Kila nilichokiacha kilinipa raha ya siku moja, na kila mara ulimwengu wangu ulipungua chumba. Babako alikuwa akivuka kutoka Likoni kila Jumamosi kuja kututazama, kama mtu anayezuru wagonjwa.

Watu walisema nina jini. Nilisomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, na sitakudanganya, kisomo kilinituliza na hadi leo silali bila Suratun-Nas. Lakini nikishasomewa nilirudi kuketi chumbani palepale. Sura yenyewe inamtaja al-waswasi al-khannas, mtia wasiwasi, na mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kwamba khannas ni yule mwenye kurudi nyuma. Basi kwangu mambo yaligeuka: niliyekuwa nikirudi nyuma ni mimi.

Aliyenitoa ni nyanyako, mamake babako. Alikuja siku moja na chupa ya chai na mahamri ndani ya leso, akasema twende tukahesabu feri. Hatupandi, tunahesabu tu. Tukaketi mbali, juu, karibu na wauza maji. Miguu ilinitetemeka nikamwambia nataka kurudi. Akanimiminia kikombe, akasema, "Ogopa utakavyo, lakini chai isipoe." Tukahesabu tatu, tukarudi. Kesho yake tena. Siku ya tano au ya sita tulishuka hadi kwenye foleni ya watu, tukasimama, feri ikaondoka bila sisi. Hakunihimiza hata siku moja, wala hakuniambia "jikaze". Neno hilo nimeliona likiwavunja watu wengi kuliko kuwatengeneza.

Siku tuliyopanda, nilimshika leso yake kama mtoto. Mkondo wa Likoni ni kama nusu kilomita tu, wewe waujua, lakini siku ile ulikuwa bahari nzima. Hofu ilipanda mpaka katikati ya maji nikasema sasa ndiyo basi. Kisha, kabla hatujagusa upande wa pili, ikaanza kupwa. Yenyewe. Sikuomba, sikuhesabu, sikufanya lolote. Hata maji ya bamvua hujaa mpaka pake halafu hurudi, na miezi ile yote sikuwa nimewahi kungoja nione yakirudi, maana nilikuwa nikikimbia yakiwa bado yanajaa.

Muuguzi mmoja alikuja kunieleza baadaye kwa nini. Mwili ukidhani kuna hatari unamwaga adrenalini, moyo unasukuma damu miguuni ukimbie. Unapumua juujuu kwa haraka, na pumzi hizo za haraka ndizo zinazokutia ganzi vidoleni na kizunguzungu. Huo moto hauwezi kuwaka mchana kutwa. Mara nyingi unafika kileleni ndani ya dakika chache, kisha unashuka. Kwa hiyo ukiwa ndani ya lifti usivute pumzi kubwa kubwa kama watu wanavyoshauri. Toa pumzi, polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, kama anayepoza uji.

Na anza kidogo. Leo simama tu mbele ya lifti mpaka moyo utulie, uende zako kwa ngazi. Kesho panda ghorofa moja na mwenzako, ushuke. Rudia hiyo moja mpaka ikuchoshe, ndipo uongeze ya pili. Zitakuwepo siku za kurudi nyuma, usizihesabu sana. Ila usinipigie simu kila ukiingia mle. Napenda sauti yako, wallahi, lakini ukinizoea hivyo, mimi nitakuwa ndiyo ngazi zako mpya.

Kahawa ya ofisini punguza. Nasema hivi nikiwa mtu wa kahawa tungu vikombe vitatu, lakini mimi sina moyo unaokimbia saa hizi. Ndugu yako naye ananiambia muguka, yale majani anayotafuna, unamtuliza, ilhali usiku hapati usingizi na asubuhi anashtuka mlango ukibishwa. Huyo nitamwandikia barua yake.

Hospitali ulifanya vyema kwenda. Kama hawakukupima damu na tezi ya shingo, waambie wakupime, kwa maana upungufu wa damu na tezi ikizidi kufanya kazi vyote huufanya moyo ukimbie. Na ikiwa usingizi umekuhama wiki nzima, au chakula hakipiti, au umeanza kuona heri usingekuwepo, usiningoje mimi niandike barua nyingine. Piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Mwone mshauri au daktari wa akili; kuna tiba ya mazungumzo inayofanya kwa utaratibu kile nyanyako alichokifanya kwa chai, na kuna dawa pia, ila za kuandikiwa wewe, si vidonge vya usingizi vya rafiki. Sioni haya yoyote hapo. Haya niliyoona ni ya kukuficha jambo hili miaka thelathini, ukakua ukidhani mamako ni jabali.

Wala sikupona nikawa jiwe. Mwaka 2019 gari liliposerereka kutoka kwenye feri hapa Likoni likazama na mama na mtoto wake, nilivuka wiki mbili viganja vikiwa vimelowa. Nilivuka hivyohivyo.

Sasa swali lako. Kazi usiiache kwa sababu ya lifti. Ukiichoka kazi yenyewe, ukiona mshahara haufai au umekukinai mji wa Nairobi, rudi, chumba chako kipo na neti nimeifua. Lakini usije ukikimbia.

Likizo ndiyo njoo, nijulishe mapema niroweke mbaazi. Siku hizi mtu akishuka treni Miritini anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu akafika kwetu bila kuiona feri. Safari hii usipite huko. Ingia mjini, nitavuka nije kukungoja ng'ambo, na chupa ya chai nitakuwa nayo.

Mamako