Mkebe wa vifungo kutoka Muscatine

SWALI: Mzee Fundi, salaam. Mimi narekebisha nguo za mitumba Gikomba, upande wa mtoni. Mpwa wangu anasoma katika mji mdogo uitwao Muscatine, jimbo la Iowa, Marekani, kando ya mto Mississippi. Mwezi jana alinitumia, kwa mkono wa rafiki yake, mkebe wa vifungo vyeupe vinavyong'aa na ganda moja la kome lililotobolewa matundu ya duara, kama unga wa mandazi uliokatwa kwa mdomo wa glasi. Anasema vifungo vilitoka kwenye maganda kama hayo na kwamba mji mzima uliishi kwa kazi hiyo. Wenzangu wananicheka, eti ni plastiki. Ni kweli? Nikiviuza nitapata kitu? Tena huyu kijana, akipiga simu, namsikia mpweke. Kuna watu kama sisi huko? — Mama Njeri, Gikomba

JIBU: Mama Njeri, hao wenzako waambie wangoje. Chukua kifungo kimoja asubuhi, kabla jua halijapiga mabati, ukiguse shavuni. Cha ganda ni baridi kama sarafu na hukawia kupata joto. Cha plastiki hakina baridi hiyo. Kisha kigeuze. Mgongo wa kifungo cha ganda mara nyingi huwa na dosari: mstari, doa la kahawia, unene usiolingana. Habari ya kuvichoma kwa sindano ya moto achana nayo, utaharibu mali.

Mpwa wako hakudanganya. Mwaka 1890 Marekani ilipandisha ushuru wa vifungo vya kutoka nje. Mwaka uliofuata fundi Mjerumani, John Boepple, akaanza kuvikereza hapo Muscatine, kwa sababu sakafu ya Mississippi ilikuwa imejaa kome wenye maganda mazito. Kufikia 1905 mji huo ulikuwa ukitoa vifungo bilioni 1.5 kwa mwaka. Hata leo wakazi wake hawafiki 25,000. Ukiwakusanya wote hawajazi uwanja wa Kasarani.

Uvuvi wenyewe ndio ulionichekesha niliposoma habari zake. Kome hulala mchangani kinywa wazi. Mvuvi alikuwa akiburuta nyuma ya mashua chuma kirefu chenye nyuzi na kulabu butu nyingi. Kulabu ikimgusa kome, anaibana kwa hasira na haachi tena. Yaani anajikamata mwenyewe! Alipofikishwa ufukweni alichemshwa mpaka afunguke, nyama ikatolewa, na ganda likaenda kwa mkataji. Huyo alikuwa na msumeno wa bomba, akikata duara moja baada ya jingine huku maji yakimwagikia ganda ili vumbi lipungue. Matundu unayoyaona ni vifungo vilivyoondoka. Lililobaki lilikuwa taka: walijazia njia, mengine wakasaga kuwalisha kuku. Kwa hiyo ganda lako halina bei, lakini usilitupe. Litundike kibandani, lifunge midomo.

Usidhani ilikuwa kazi ya raha. Wanawake na wasichana walichambua vifungo, na wengine walivishonea kwenye kadi nyumbani, watoto wakisaidia. Mwaka 1911 wafanyakazi walipojiunga na chama, wenye viwanda wakawafungia milango, na gavana akapeleka askari. Kati ya waliosimama kuwatetea alikuwemo msichana wa miaka kumi na saba hivi, Pearl McGill. Jina hilo kwa Kiswahili ni Lulu.

Kome nao wakaanza kuadimika. Serikali ilijenga kituo cha kuwazalisha Fairport, karibu na hapo, na kazi haikuwa rahisi, kwa maana kichanga cha kome lazima kwanza kijishikize kwenye mashavu ya samaki ndipo kiweze kukua. Utamlea vipi mnyama wa namna hiyo? Baadaye plastiki ikaja ikamaliza biashara, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vifungo vya ganda vilikuwa vimekwisha. Sasa ile habari iko kwenye makumbusho ya mji. Mwambie kijana aende, na akiokota maganda mtoni asiguse kome walio hai. Baadhi yao sheria inawalinda.

Sasa, watu kama sisi. Mwaka 1842 alihamia hapo kijana mweusi wa miaka 16, Alexander Clark, kinyozi, aliyeuza pia kuni kwa meli za mvuke. Binti yake Susan alipokataliwa shule ya jirani mwaka 1867, Clark alienda mahakamani. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule kwa ajili ya rangi yake. Uamuzi kama huo haukufika nchi nzima hadi 1954! Clark alisomea sheria akiwa mtu mzima, akatumwa kuwa balozi Liberia, akafia Monrovia 1891, na mwili wake ukarudishwa Muscatine. Mpwa wako naye aende siku moja azuru kaburi lake. Na Iowa City, chini ya saa moja kwa gari, kuna Wakongo wengi wanaosema Kiswahili. Huko hatakosa mtu wa kumwambia habari gani. Wewe mpigie ukifunga kibanda saa kumi na mbili jioni. Wakati wa baridi kwake huwa saa tatu asubuhi.

Kuuza? Usiuze kimoja kimoja kwa wachuuzi. Vitie kwenye mashati meupe ya pamba unayoyaokoa kutoka kwenye mabelo, kisha pandisha bei ya shati. Mfulia asitie jiki wala siki, ganda huliwa. Na pasi ipite pembeni: mwaka 1979, nikiwa kibarua kwa tajiri mmoja Biashara Street, nililaza pasi ya makaa juu ya kifungo nikidhani ni plastiki. Kikalia ta! Mshahara wa wiki ukaenda nacho.

Shona kwa uzi wa pamba, uache shina kidogo la uzi chini ya kifungo. Chenye ufa ukingoni kiweke kando, kitakukatia uzi kila wiki.